Kutangulia Si Kufika: Habari za Ulinzi wa Kihindi katika Sataranji



Jioni moja, baada ya masomo, niliwakuta vijana wawili wa darasa la juu wameketi barazani pa shule wakicheza sataranji. Mmoja alikuwa na kete nyeupe, wa pili kete nyeusi. Yule wa kete nyeusi aliponiona aliniamkia, kisha akanilalamikia, akasema, "Mwalimu, mwenzangu huyu hutangulia yeye, nami kila niendapo nakuwa nyuma yake hatua moja. Je, mtu aliyechelewa tangu mwanzo atashindaje?" Nilimjibu kwa methali ya wazee, kwamba kutangulia si kufika. Lakini nilipofika nyumbani niliona kuwa jibu langu lilikuwa fupi mno. Methali ile ni ya kweli, ila haikumwonyesha kijana njia ya kupita. Basi nimeandika habari hizi kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila msomaji apendaye kujua jinsi watu walivyopata kujifunza ya kwamba aliye nyuma ana nguvu zake.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, yafaa nieleze kidogo. Ubao wa sataranji una vyumba 64, vyeupe na vyeusi kwa kupokezana. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili kama Waingereza wanavyowaita, na askari wanane wa miguu, ambao katika Kiswahili huitwa pia vitunda. Ngome huenda moja kwa moja, askofu huenda kimshazari, farasi huruka juu ya wengine, malkia huenda kama ngome na askofu pamoja, na askari huenda mbele tu, wala hawezi kurudi. Anayemfunga mfalme wa mwenzake asipate pa kukimbilia ndiye mshindi. Kama ilivyo katika bao letu, hapana bahati hapa, wala hapana kitu cha kurushwa. Kila jambo latoka katika akili. Na sheria ya leo ni kwamba nyeupe hutangulia. Kwa hiyo mwenye kete nyeusi huanza mchezo kama mtu mwenye deni.

Asili ya mchezo huu ni Bara Hindi, yapata miaka 1,400 na zaidi iliyopita. Wahindi waliuita chaturanga, maana yake jeshi la viungo vinne, yaani tembo, farasi, magari ya vita, na askari wa miguu. Kutoka huko mchezo ulikwenda Uajemi, na Waarabu wakaupokea kwa Waajemi, wakauita shatranji. Ndilo jina lililofika pwani yetu likawa sataranji. Waarabu waliupeleka pia mpaka Ulaya. Basi msomaji aone ya kuwa neno tulitumialo sisi na mchezo waucheza wao Wazungu ni matawi mawili ya mti mmoja.

Lakini matawi hayo hayakukua sawasawa. Karibu na mwisho wa karne ya 15 watu wa Ulaya waliubadili mchezo. Malkia, ambaye kwa Waarabu na Wahindi alikuwa waziri mwenye hatua fupi, akapewa nguvu kuliko wote. Askofu naye akapewa safari ndefu. Na askari alikuwa amekwisha kuruhusiwa tangu zamani zaidi kwenda hatua mbili kwa mara yake ya kwanza. Mchezo ukawa wa haraka na wa moto. Huko Bara Hindi, hata karne ya 19, watu wengi walicheza kwa desturi zao wenyewe, na katika desturi hizo askari alikwenda hatua moja tu, hata mwanzoni. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo shina la habari zangu. Kwa maana mtu aliyefundishwa kwamba askari wake aenda hatua moja hawezi kuukimbilia uwanja wa katikati mara moja. Hujifunza kujipanga polepole nyumbani kwake, kumweka askofu pembeni ambapo njia yake ni ndefu, na kungoja amjue adui kwanza.

Wazungu wa karne ile walifikiri kinyume cha hayo. Kwao mchezaji mwema ni yule aliyewapeleka askari wake wawili katikati ya ubao upesi, akakaa pale kama mwenye nchi. Mwenye kete nyeusi naye alipaswa kufanya vile vile, askari kwa askari, uso kwa uso. Aliyekiacha kitovu cha ubao kichukuliwe na mwenziwe alihesabiwa kuwa mjinga au mwoga.

Sasa twende Calcutta, mji mkubwa wa Bengali, ambao tangu mwaka wa 2001 waitwa Kolkata. Katika miaka ile alikaa huko mwanasheria mmoja Mskoti, jina lake John Cochrane, aliyezaliwa mwaka wa 1798. Alikuwa mmoja wa wachezaji hodari wa zamani zake. Alipokwenda likizo Uingereza katika miaka ya 1841 hadi 1843 alicheza mara nyingi na Howard Staunton, aliyekuwa mkuu wa wachezaji wa Kiingereza. Aliporudi Calcutta hakupata mtu wa kumtosha. Ndipo likatokea jambo ambalo habari yake ilipigwa chapa mwaka wa 1850 katika gazeti la sataranji la Uingereza, kwa barua ya mwanachama mmoja wa chama cha wachezaji wa Calcutta.

Barua ile yasema kwamba yapata miaka miwili nyuma mwanachama mwenzao alikwenda mashamba, mbali na mji, akasikia habari za Brahmani mmoja, yaani mtu wa ukoo wa makuhani wa Kihindu, ambaye watu walisema hajapata kushindwa katika sataranji. Akatafutwa, akapatikana. Jina lake Moheschunder Bannerjee. Baadaye akakutana na Cochrane huko mjini, akashindwa; hata hivyo barua yasema kuwa katika Calcutta nzima hakuna mwingine awezaye kusimama na Cochrane kwa mizani sawa ila Brahmani yule. Tangu hapo wawili hao walicheza pamoja mara nyingi sana, mwaka baada ya mwaka, kwa sheria za Kizungu. Fikirini, wasomaji, mtu huyu aliacha sheria alizozaliwa nazo, akajifunza sheria za mgeni katika utu uzima wake, naye akacheza kwa sheria hizo na mmoja wa mabingwa wa zamani zake. Lakini hakuziacha fikira zake. Sheria zilikuwa za Kizungu. Mpango ulikuwa wa nyumbani kwao.

Mchezo mmoja wa mwaka wa 1855 watosha kuwa mfano. Siku zile desturi ya nyeupe kutangulia haijawa sheria kila mahali, lakini leo mchezo huo huchapwa Cochrane akiwa na kete nyeupe, naye Moheschunder nyeusi. Cochrane alimsukuma askari aliye mbele ya malkia hatua mbili. Moheschunder hakujibu kwa askari. Alimtoa farasi wake. Cochrane akamleta askari wa pili kando ya yule wa kwanza. Moheschunder akamsogeza askari mmoja wa ubavuni, upande wa mfalme, hatua moja tu, ili kumfungulia askofu wake chumba cha kukaa. Cochrane akatoa farasi. Ndipo Moheschunder akampeleka askari wa mbele ya malkia hatua mbili, awapinge wale waliotangulia. Baadaye askofu wake akakaa pale pembeni, akiuangalia ubao wote kimshazari mpaka pembe ya mbali, na mfalme akaingia ngomeni. Ilipofika hatua ya nane, akaanza kuvipiga viguzo vya katikati kwa askari mwingine kutoka ubavuni.

Nieleze kwa mfano wa shamba. Mtu mwenye nguvu nyingi na haraka nyingi hufyeka pori kubwa, akapanda mahindi toka mtoni hadi kilimani, na watu wakamsifu. Jirani yake amelima kipande kidogo karibu na nyumba. Lakini palizi ikifika, mwenye shamba kubwa huona taabu. Majani yamwingilia toka kila mpaka, nguruwe waja usiku upande wa bonde, nyani waja mchana upande wa mlima, naye ni mtu mmoja. Ukubwa aliousifia umekuwa mzigo. Hivyo ndivyo ulivyo ulinzi huu. Mwenye kete nyeusi amwachia mwenziwe katikati, si kwa kuwa hapataki, bali kwa kuwa ajua ya kwamba kila askari aliyekwenda mbele ni askari wa kulindwa, tena hawezi kurudi nyuma. Hungoja mpaka mwenziwe amepanda shamba lake lote; kisha hulipiga toka ubavuni.

Tena njia hii haina shingo ngumu. Kwa hatua zile mbili za kwanza, ya farasi na ya askari wa ubavuni, mwenye kete nyeusi hajajifunga popote. Amesimama penye njia panda. Akitaka, humpinga adui mara moja, kama Moheschunder alivyofanya katika mchezo ule. Asipotaka, humsogeza askari wa mbele ya malkia hatua moja tu, akajificha, akamwacha adui ajenge zaidi, kisha akampiga kwa askari wa upande wa mfalme au wa upande wa malkia, kadiri aonavyo. Adui lazima ajionyeshe kwanza. Hili ndilo jibu la kijana wangu. Aliyetangulia amekwisha kusema neno lake, na aliye nyuma amelisikia kabla ya kusema lake.

Msomaji ataniuliza, Je, Moheschunder alishinda mchezo ule? Hapana, alishindwa, tena vibaya. Katika hatua ya 18 Cochrane alimtia farasi ndani karibu na mfalme wake. Moheschunder, badala ya kutazama hatari ile, alimpeleka farasi wake ukingoni amtishe malkia wa Cochrane. Kwa kosa hilo Cochrane alipata njia ya kumaliza kwa hatua tatu: kumtoa malkia wake kuwa sadaka, na kumfunga mfalme kwa farasi mmoja peke yake, mfalme akiwa amesongwa na watu wake mwenyewe.

Nimeisema habari hii waziwazi, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hukosea kuhukumu. Walioona mchezo ule wangeweza kusema, "Tazameni mwisho wa mtu asiyefuata mafundisho mema." Lakini kosa halikuwa katika mwanzo, lilikuwa katika hatua ya 18. Mtu aliyejenga nyumba imara akasahau kufunga mlango usiku, akaibiwa, hatuwezi kusema misingi ilikuwa mibovu. Mtu alishindwa, njia haikushindwa. Hata hivyo ilipita miaka 67 kabla Ulaya haijatambua hivyo.

Yako mambo mengine ya majina, nayo yafaa kuangaliwa kwa utulivu. Katika mchezo wa mwaka wa 1848, Cochrane alimshambulia Moheschunder kwa kumtoa farasi mapema apate askari wawili na kumfukuza mfalme nje ya ngome yake. Shambulio lile mpaka leo laitwa kwa jina la Cochrane katika vitabu vyote vya sataranji. Nao mpango wa kujilinda aliouonyesha Moheschunder uliitwaje? Uliitwa "Ulinzi wa Kihindi," na jina hilo lilikwisha kupigwa chapa mwaka wa 1884. Mzungu alitajwa kwa jina lake, Mhindi alitajwa kwa nchi yake. Sisemi ya kuwa Cochrane alikusudia ubaya. Yeye alicheza na Brahmani yule kama mtu na mwenziwe, na michezo yao ikaandikwa. Nasema tu kwamba jina la nchi huficha jina la mtu, na watoto wasomao "Kihindi" hawaulizi ni Mhindi yupi.

Baada ya hapo mambo yalinyamaza. Mwalimu aliyesikizwa kuliko wengine katika Ulaya alikuwa tabibu Mjerumani, Siegbert Tarrasch, aliyeishi toka mwaka wa 1862 hadi 1934. Alifundisha vizuri, kwa kanuni zilizo wazi, na kanuni moja kubwa ilikuwa kulishika katikati kwa askari. Ilipokwisha Vita Kuu ya kwanza, vijana fulani walianza kuzipima kanuni zile. Miongoni mwao walikuwa Richard Réti, Aron Nimzowitsch, Gyula Breyer na Savielly Tartakower. Walisema, si lazima kulikalia katikati. Yatosha kulitawala kwa mbali, kama mlinzi aliye kilimani awezavyo kulitawala bonde asiloliishi. Watu wakawacheka, wakawaita watu wa mambo mapya kupita kiasi.

Mwaka wa 1922 Ernst Grünfeld wa Vienna, mtu aliyepoteza mguu mmoja tangu utotoni, alianza kucheza kwa kete nyeusi hatua zile zile tatu: farasi, askari wa ubavuni, kisha askari wa malkia hatua mbili. Mwaka huo huo, katika mashindano ya Vienna, aliitumia njia hiyo juu ya Alexander Alekhine, akamshinda. Alekhine huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1927. Mara watu wakaacha kucheka. Ulinzi ule ukaitwa Ulinzi wa Grünfeld, na mpaka leo waitwa hivyo. Lakini hatua zake tatu za kwanza ndizo zile zilizochezwa Calcutta mwaka wa 1855.

Wako waliokumbuka. Mwaka wa 1934 mwandishi Mwingereza, Philip Sergeant, katika kitabu chake cha historia ya sataranji ya Uingereza, alieleza kwamba wachezaji wa Ulaya walifundishwa ulinzi huu kwa sehemu kubwa na mfano wa Moheschunder na Wahindi wengine, ambao waliurithi katika mchezo wa kwao. Na Sergeant alipoandika hayo, Uingereza ilikuwa imekwisha kumwona kwa macho yake Mhindi mwingine. Huyo alikuwa Mir Sultan Khan, mtu wa Punjab, aliyezaliwa mwaka wa 1903. Alifika London mwaka wa 1929 pamoja na bwana wake, Sir Umar Hayat Khan. Alikuwa amelelewa katika sataranji ya Kihindi, ile ya askari wa hatua moja, na sheria za Ulaya alikuwa hajazizoea miaka mingi. Mwaka ule ule alitwaa ubingwa wa Uingereza, akautwaa tena mwaka wa 1932 na 1933. Katika mashindano ya Hastings ya 1930 na 1931 alimshinda José Raúl Capablanca, ambaye alikuwa bingwa wa dunia kabla ya Alekhine. Mwishoni mwa 1933 alirudi kwao na bwana wake, wala hakuonekana tena katika mashindano ya Ulaya. Alifariki mwaka wa 1966. Cheo cha heshima cha bingwa mkuu alipewa mwaka wa 2024, miaka 58 baada ya kuzikwa. Hata heshima nayo, wasomaji, huweza kuchelewa kutoka nyumbani.

Tawi la pili la njia panda, lile la kujificha na kungoja, lilichukua muda zaidi kukubaliwa. Hili laitwa Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme. Wengi walilidhania kuwa ni udhaifu tu, kwa maana kete nyeusi zimesongamana nyuma. Waliolifufua ni wachezaji wa Urusi ya Kisovieti, hasa Isaac Boleslavsky na David Bronstein, wote wawili wazaliwa wa Ukraine. Mwaka wa 1946, katika mashindano baina ya Prague na Moscow, Bronstein aliwashinda Zita na Pachman kwa kete nyeusi kwa njia hii, na michezo hiyo miwili ikasomwa kila mahali. Watu wakaona jinsi askofu aliyekaa kimya pembeni anavyoweza, njia yake ikifunguka, kuupiga ubao mzima.

Kisha, mwaka wa 1956 mjini New York, mvulana wa miaka 13, Bobby Fischer, alicheza na Donald Byrne, mtu mzima mwenye sifa. Fischer alikuwa na kete nyeusi, naye alitumia Ulinzi wa Grünfeld. Alimwacha mwenziwe ajenge. Kisha akampiga toka ubavuni. Kisha akamtoa malkia wake mwenyewe, na kwa farasi, maaskofu na ngome akashinda katika hatua ya 41. Yule yule askofu wa pembeni alikuwamo katika kazi hiyo. Fischer naye akawa bingwa wa dunia mwaka wa 1972.

Walakini singependa vijana wafikiri ya kuwa njia hii ni dawa ya kila ugonjwa. Kungoja ni kwema kwa anayejua anangoja nini. Mwenye kete nyeusi akichelewa kupiga, shamba la mwenziwe laota mizizi, palizi yamalizika, na mpaka wasogea hadi mlangoni pake. Hapo atasongwa asipate pumzi. Garry Kasparov, bingwa wa dunia toka mwaka wa 1985, alikuwa mpenzi mkubwa wa Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme. Mwaka wa 1997 Vladimir Kramnik alimshinda katika njia hiyo hiyo, na baadaye Kasparov akaiacha. Hata bingwa huonywa. Subira isiyo na shabaha ni uvivu uliovaa nguo za hekima.

Na Bara Hindi je? Viswanathan Anand alikuwa Mhindi wa kwanza kupata cheo cha bingwa mkuu, mwaka wa 1988, akawa bingwa wa dunia mwaka wa 2007 mpaka 2013. Mwezi wa Desemba 2024, huko Singapore, kijana Gukesh wa Chennai, mwenye miaka 18, alimshinda Ding Liren wa Uchina, akawa bingwa wa dunia asiyebishaniwa aliye mdogo kuliko wote. Mchezo wa mwisho uliompa taji aliucheza kwa kete nyeusi.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa barazani, na kwa kila msomaji. Nimepata mafunzo matatu katika habari hizi.

La kwanza, kutangulia kuna faida, lakini kila afanyalo aliyetangulia humfunua. Aliye nyuma asilie, atazame. Akiisha kutazama, asikawie.

La pili, tusiihukumu njia kwa mchezo mmoja, wala tusimhukumu mtu kwa mahali alikotoka. Brahmani yule alitoka mashamba, hakutoka katika vyuo vya Ulaya, na siku ile ya 1855 alishindwa. Laiti watu wangaliuliza, "Kwa nini anaanza hivi?" badala ya kutazama tu nani kashinda, yamkini Ulaya isingalingoja hadi 1922. Sisi walimu nasi tuna kosa hili. Mtoto akijibu hesabu kwa njia isiyo ya kitabu, na jibu likakosea mwishoni, twafuta kazi yote kwa mstari mmoja mwekundu. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Sasa najizoeza kusoma toka juu, mstari kwa mstari, nione kosa liko hatua gani, maana huenda mwanzo wake ni mwema kuliko ule niliomfundisha.

La tatu ndilo lanigusa zaidi. Twamjua Moheschunder leo kwa nini? Kwa kuwa michezo yake iliandikwa, hatua kwa hatua, hata ile aliyoshindwa. Lau isingaliandikwa, hata jina la "Kihindi" lisingalibaki. Basi tutazame kwetu. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, idadi ile ile ya vyumba vya sataranji. Wako wazee ambao katika namua hujua tangu kete ya kwanza lini kuilinda nyumba na lini kuiacha, na walioketi nao hustaajabu. Lakini mchezo ukiisha, kete hurudishwa mfukoni, na hekima yote hubaki kichwani mwa mzee. Siku tunapomzika twaizika pamoja naye. Wala hakuna atakayekuja baada ya miaka 67 kusema, "Njia hii ilichezwa zamani katika kijiji fulani, na fulani bin fulani."

Kwa hiyo wiki iliyofuata niliwapa wale vijana wawili daftari moja. Niliwaambia waandike kila mchezo wa sataranji wachezao, yule aliyeshinda na yule aliyeshindwa, pamoja na majina yao kamili. Kisha nikawatuma kwa mzee mmoja jirani yetu, waketi naye jioni, wamwombe kwa adabu awaonyeshe anavyoanza bao lake, nao waandike hayo pia, shimo kwa shimo. Mzee alicheka kwanza. Alipoona mambo yake yaandikwa na kusomwa tena mbele yake bila kosa, aliacha kucheka, akasogeza kigoda chake karibu, akasema, "Hapo ulipoandika, ongeza neno moja, sikukueleza vizuri."

Ninyi msomao karatasi hizi mnajua kuandika. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nao hawakunena habari za fedha peke yake.